Joho la Ororo: shajara ya vazi lenye mabega ya gomesi

12 Januari: Kwa nini joho

Mwaka jana nilikwenda Nairobi kwenye tamasha la vibonzo, mara yangu ya kwanza. Wenzangu walipanga foleni kupigwa picha kwa mbele na watu waliojishonea mavazi ya mashujaa wa vibonzo. Mimi nilizunguka nyuma yao. Nilitaka kuona zipu imefichwa wapi, deraya imeshikwa na nini begani, na fundi alifanyaje pale kitambaa kilipokataa kumtii. Kijana mmoja aliyevaa deraya nyekundu toka kichwani hadi miguuni aliniona nikimchungulia ubavuni, akainua mkono mwenyewe ili nione vizuri. Ndani kulikuwa na lastiki nyeupe, ile ya kushonea sketi za shule, imebandikwa kwa gundi na kufunikwa na kipande cha sponji. Basi. Ndiyo iliyokuwa imebeba deraya nzima. Nilirudi Kampala usiku kucha nikiiwaza lastiki ile.

Sasa nashona langu. Nimemchagua Ororo Munroe, yule Storm, mwita upepo, mvua na radi katika X-Men, kundi la mashujaa wa vibonzo vya Marekani, aliyetoka kwa mara ya kwanza mwaka 1975 katika Giant-Size X-Men namba 1, akiandikwa na Len Wein na kuchorwa na Dave Cockrum. Kwenye hadithi mama yake ni Mkenya. Mimi nimezaliwa Busia, upande wa Uganda, mahali ambapo unavuka mpaka kwenda kununua unga, kwa hiyo shujaa ambaye mama yake ni wa ng'ambo pale ni kama mtoto wa jirani. Na kitu ninachokipenda zaidi kwake ni joho: limeshikwa shingoni na kwenye vifundo vya mikono, akiinua mikono linafunguka kama mbawa.

Majoho yana heshima yake katika mchezo huu wa kuvaa kama watu wa hadithini. Mwaka 1939, kwenye kongamano la kwanza la dunia la hadithi za kisayansi mjini New York, Myrtle Douglas, ambaye mashabiki walimwita Morojo, alishona mavazi mawili ya watu wa siku za usoni, lake na la mwenzake Forrest Ackerman. La Ackerman lilikuwa na joho la kijani. Mwanamke mmoja na cherehani yake, na watu mpaka leo wanafuata njia hiyo.

Ororo wangu hatakuwa nakala ya Cockrum. Nataka aonekane kama amepita Buganda njiani: joho lake liwe la lubugo, kitambaa cha gome la mti. Bajeti ni shilingi 300,000 za Uganda. Nitaandika kila kosa na bei yake, ili wa Arusha au Mombasa akitaka kuiga asianze na makosa yangu.

26 Januari: Kiolezo

Mama mdogo anashona magomesi, yale magauni ya heshima ya wanawake wa Uganda yenye mabega yaliyochongoka, pale Kiyembe mjini Kampala, na Jumapili ananiachia meza. Tulizungushia kiwiliwili changu chote nailoni ya jikoni, tukabandika tepu ya karatasi juu yake, tukachora mistari ya mishono kwa kalamu, tukakata mgongoni, nikavuliwa kama ganda la ndizi. Hicho ndicho kiolezo cha vazi la chini ya joho na mkanda. Nailoni, tepu na karatasi za kiolezo cha joho: 14,000.

Kosa la kwanza liko hapa, na nililigundua kwa bahati tu. Nilipima kutoka kifundo hadi kifundo, tepu ikipita nyuma ya shingo, mikono ikiwa imening'inia. Sentimita 138. Mama mdogo akauliza, "Mwanangu, huyu mtu wako anasimama hivyo siku nzima?" Nikanyoosha mikono mbele kama anayeita mvua. Sentimita 151. Mgongo hupanuka mikono inapokwenda mbele, na hizo sentimita 13 zingetoka shingoni, yaani joho lingenikaba kila ninapopigwa picha. Tumeongeza 13 hizo na nyingine 6 za kupumua. Ukipima vazi la shujaa, pima ukiwa umesimama kishujaa.

9 Februari: Lubugo

Nimenunua kipande kimoja kikubwa, 80,000, rangi yake ile ya udongo wa matofali. Kimekaa kitandani kwangu siku tatu kabla sijathubutu kukikata.

Kwa wasioujua: lubugo hutolewa kwenye mutuba, mti wa jamii ya mtini. Wakati wa mvua fundi anachuna gome la ndani, analipiga kwa nyundo za mbao zenye mifereji, kwanza ya mifereji mipana kisha ya myembamba, mpaka linapanuka na kulainika. Halafu linaanikwa, na jua ndilo linaloleta ule wekundu. Shina lililochunwa hufungwa kwa majani ya mgomba lisikauke, na gome huota tena. Hakuna uzi hata mmoja uliofumwa humo. Kwa Waganda kazi hii ni ya urithi katika ukoo wa Ngonge, na UNESCO waliitangaza kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005, ikaingia kwenye orodha yao mwaka 2008.

Shida haikutoka kwenye mkasi. Jjajja, yaani mzee wa umri wa babu au bibi, mwenye nyumba wangu, alipita dirishani, akauona kitandani, akasimama. Aliniuliza nani amekufa.

Nilimweleza. Hakufurahi. Kwake yeye lubugo ni wa kufungia maiti, na mtoto haulazi kitandani wala hauvai kwenda kucheza. Sikuweza kulala vizuri. Mimi si Mganda, na nisingependa mtu achukue kitu cha kwetu cha heshima akakigeuza pambo bila kuuliza. Siku iliyofuata nilirudi kwa mzee aliyeniuzia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema jjajja hajakosea, lakini hajamaliza: lubugo unazikia watu, na lubugo huohuo kabaka, mfalme wa Buganda, huvishwa siku ya kutawazwa, na zamani kila mtu aliuvaa, wanaume wakiufunga begani, wanawake wakijizungushia na kufunga mkanda kiunoni. "Vaa, nnyabo," alisema, yaani bibie. "Ila usiuburute chini."

Nimeichukua kama sharti la kazi. Upindo wa joho umepanda kutoka kwenye visigino hadi katikati ya shavu la mguu. Michoro ya Ororo mara nyingi ina joho refu zaidi, lakini hili halitagusa sakafu ya ukumbi wowote.

23 Februari: Joho la kwanza limekufa

Nilishona joho zima kwa lubugo mtupu, na limeharibika kwa njia tatu, kila moja ina somo.

Sindano. Nilitumia namba 11, mshono mfupi mfupi, kama ninavyoshona pamba. Kwenye lubugo kila tundu linabaki tundu, hakuna nyuzi za kurudi kuliziba. Matundu yaliyokaribiana yakawa mstari wa stempu, na bega la kushoto likachanika kama karatasi ya stempu. Dawa: sindano namba 16, hatua ya mshono milimita 4 au zaidi, na usishone mara mbili mahali pamoja.

Mvua. Nilikuwa napeleka joho Kiyembe kwa bodaboda, mvua ikatukuta karibu na Wandegeya. Lubugo uliolowa unalegea kama mkate ndani ya chai. Nilipofika nikafanya kile mtu hufanya na nguo iliyolowa, nikaukamua, nikabaki na vipande viwili mkononi. Ukilowa, utandaze juu ya meza kama ulivyo, usiuguse mpaka ukauke.

La tatu ndilo lililoniuma. Hata kabla ya kuchanika, lilikuwa haliruki. Nilipima kwenye mizani ya dukani, gramu 900, na si uzito tu: lubugo unasimama, hauanguki. Nikiinua mikono nilionekana nimebeba mlango. Ororo ni upepo. Joho lisilokubali upepo si lake, hata liwe zuri namna gani.

Nimeweka vipande vizima kando. Vinatosha kwa jambo jingine.

15 Machi: Joho la pili, na gomesi

Hapa ndipo kazi iliponikolea.

Mwili wa joho sasa ni krepu nyeusi nyepesi, mita 6 kwa 9,000, jumla 54,000. Lubugo umerudi kama mapambo: utepe wa sentimita 9 kuzunguka ukingo wote, na majani makubwa matatu mgongoni. Kabla ya kukata, kila kipande cha lubugo nilikibandika nyuma kile kitambaa kigumu cha pasi ambacho mafundi huweka ndani ya kola. Mita 3, 12,000. Pasi iwe ya uvuguvugu, na weka kitambaa cha pamba katikati, nilichoma kipande kimoja nikaona. Baada ya hapo lubugo haukuchanika tena hata mara moja. Joho lote gramu 700.

Lakini mabega yalikuwa yanaporomoka. Uzito wa mapambo ulivuta krepu nyuma, na joho likaning'inia mgongoni kama mkoba wa shule. Nilijaribu sponji begani, nikaonekana mcheza raga. Nikajaribu waya, ukanichoma. Wiki mbili nzima nilihangaika na mabega, na muda wote huo nilikuwa nimekaa chini ya magomesi kumi na mawili yaliyotundikwa ukutani, kila moja na mabega yake yaliyochongoka yakinitazama.

Gomesi lilipewa jina la Gomes, fundi wa Kigoa aliyelibuni mwaka 1905 kwa wasichana wa shule ya Gayaza. Zaidi ya miaka mia moja mabega yale yanasimama. Nikamwuliza mama mdogo yanasimamaje. Alinicheka, akageuza moja nje ndani. Kwa namna anavyoshona yeye, siri si kitu kilichojazwa. Ni mikunjo midogo iliyobanwa pamoja kwenye ncha, ikiegemea kipande kimoja cha kitambaa kigumu kilichokatwa kama ukucha, na mshono unaokwenda kwa mwinuko kuelekea shingoni, ili mvuto wa nguo uende shingoni na kifuani badala ya kumalizikia begani. Nguo inajishika yenyewe.

Tumefanya hivyohivyo kwenye joho. Mikunjo saba kila bega, ukucha wa kitambaa kigumu mara mbili, na utepe wa ndani unaopita chini ya kwapa na kufungwa kiunoni chini ya mkanda. Joho limekaa. Na mtu akinitazama kwa nyuma anaona mabega ya mwanamke wa Uganda aliyekwenda harusini, juu ya mbawa za Ororo. Nililia kidogo mbele ya kioo cha mama mdogo, naye akajifanya anatafuta pini.

Amekataa malipo. Nimempelekea sukari kilo mbili na mkebe wa nyuzi, sivihesabu.

5 Aprili: Sponji, moto na fundi wa simu

Taji, bangili na mkanda ni vya sponji ngumu, ileile ya sapatu za kuogea. Nilianza na sapatu zenyewe, jozi mbili 8,000, ili kujifunza. Ni nzuri kwa mazoezi lakini vipande ni vidogo na vina matundu ya kamba. Kazi halisi nimeifanya kwa mkeka wa watoto, ule wa vipande vinavyoshikana kama meno, 35,000. Wembe uwe mpya. Ukianza kung'ata sponji badala ya kuikata, tupa, chukua mwingine.

Sponji lazima ipigwe joto kabla ya rangi. Joto linafunga vitundu vyake vya juu, uso unang'aa kidogo, na kipande kinakubali kukunjwa na kubaki kimekunjwa. Wenzetu wa ng'ambo wana mashine ya kupuliza hewa moto. Mimi nilikuwa na sigiri. Kipande cha kwanza kilipinda vizuri upande mmoja, upande wa pili ukawa lami, na chumba kikanuka siku mbili. Usifanye hivyo ndani ya nyumba, na moshi ule si wa kuvuta. Pasi ya nywele ya saluni ya jirani haikutosha joto.

Suluhisho lilikuwa chini ya ngazi za jengo ninalopita kila siku: fundi wa simu. Wote wana bloa ya hewa moto ya kuyeyushia risasi ya kuungia waya, yenye namba za joto juu yake. Nilimlipa 5,000 kwa saa, nikaenda mara mbili. Mara ya pili aliacha simu ya mteja akanishikia taji lipinde sawasawa, akitoa ushauri wa pembe.

Gundi ni ya washona viatu, 12,000. Paka pande zote mbili, subiri kama dakika 10 mpaka ukigusa haishiki kidole, ndipo uunganishe, kwa sababu ikishashika haikupi nafasi ya pili. Nje nimepaka gundi nyeupe ya maseremala iliyochanganywa na maji, mara tano, kisha rangi ya shaba. Gundi nyeupe 9,000, rangi 18,000. Nilipopaka rangi moja kwa moja bila gundi nyeupe, bangili ya majaribio ilipasuka nyufa mara tu nilipoivaa.

Taji lina gharama iliyopotea. Nilitaka la chuma cha kweli, nikaenda Katwe, mafundi wakanikatia la alumini ya sufuria kwa 25,000, kazi safi kabisa. Baada ya nusu saa lilikuwa limenichora paji la uso. Isitoshe, matamasha mengi hukagua vitu vyenye makali mlangoni. Limetundikwa ukutani kwangu, na taji la sponji ndilo linalosafiri. Najikumbusha studio ya mtengeneza filamu Isaac Nabwana kule Wakaliga, Kampala, ambapo silaha za filamu zimeundwa kwa vyuma chakavu na bado zinatisha kwenye skrini. Mtazamaji anachoangalia ni umbo na kivuli.

Bangili zimebeba joho kwa vifungo vya kubana, si kwa kushonwa. Mtu akikanyaga ukingo, kifungo kiachie kabla ya shingo.

19 Aprili: Radi

Kwa radi ya mgongoni nilinunua taa za utepe wanazopamba nazo bodaboda, 15,000. Hazikuwaka. Zile ni za volti 12 za betri ya pikipiki, na pawabenki inatoa 5. Nimenunua za USB, 22,000, nikazipitisha nyuma ya majani matatu ya lubugo. Mwanga unapenya pembeni tu, kwenye kingo, na hivyo ni bora kuliko nilivyopanga. Za bodaboda amezichukua binamu yangu.

3 Mei: Nywele na macho

Rasta nyeupe pakiti 7 kwa 6,000, jumla 42,000, zimefumwa kwa sindano ya kroshia kwenye kofia ya nyavu ya 5,000. Mawimbi tumeyaweka kwa maji yanayochemka: sokota, funga, chovya, acha ipoe yenyewe.

Macho meupe ya Ororo sitafanya. Lenzi za kuvaa jichoni zinauzwa barabarani, lakini sitaweka jichoni kitu ambacho hakuna mtaalamu aliyekipima. Nimepaka nyeupe kwenye kope, mchezo umeisha.

17 Juni: Nimerudi kutoka tamashani

Joho lilisafiri likiwa limeviringishwa juu ya bomba la plastiki, kwa sababu lubugo ukikunjwa unabaki na alama. Pale Busia, ofisa wa mpakani aliuliza bomba lina nini. Nikalifungua joho juu ya meza yake. Alipapasa majani ya mgongoni, akauliza nimeshona na nani, akaniambia mama yake alikuwa na gomesi la rangi ileile.

Ukumbini nilivaa saa sita. Mabega hayakushuka. Taa zilidumu saa nne, kwa hiyo chukua pawabenki ya pili. Mtoto mmoja alikanyaga ukingo akikimbia, kifungo cha kushoto kikaachia kama tulivyopanga, shingo yangu salama.

Na nilitazama migongo ya watu mpaka nikashiba. Mlinzi mwenye mkuki aliyefuma kola yake kwa shanga halisi, kitanzi kimoja kimoja, na kuweka ngozi laini ndani isimkwaruze. Roboti iliyotengenezwa kwa maboksi ambayo bawaba zake zote zilikuwa vifuniko vya chupa. Msichana aliyepaka vivuli usoni na kwenye nguo kwa wino mweusi, mistari ya kalamu kabisa, mpaka ukimtazama unadhani ametoka kwenye karatasi dakika hiyohiyo. Alisema ilimchukua saa tatu na nusu, na kwamba mgongoni alimwomba dada yake. Swali lilikuwa lilelile kila kona: umetumia nini? Na kila aliyeulizwa alijibu kwa furaha, akageuza, akafunua.

Mchana mwanamke mmoja alikuja moja kwa moja nyuma yangu. Hakuomba picha. Alisema, "Dada, samahani, naweza kuona ndani ya bega?" Nikalivua joho, nikaligeuza nje ndani mezani, tukainamia ukucha ule wa mama mdogo pamoja. Alikuwa na daftari. Alihesabu mikunjo akaandika saba.

Hesabu yote, bila nauli: 361,000, yaani nimepita bajeti kwa 61,000. Kati yake 48,000 ni taji la alumini, taa za bodaboda na sapatu za mazoezi, ambazo wewe unaweza kuziruka.

Jjajja mwenye nyumba aliniita jioni nilipofika. Nilimletea joho. Aliliinua kwa mikono miwili, akalipimisha kwangu, akatazama upindo ulipoishia, katikati ya shavu la mguu. Akauliza lilikanyaga chini? Nikamwambia halikukanyaga. Akanirudishia, akaniambia nilitundike mahali pakavu, mvua inakuja.

Kifungo cha kushoto kimelegea tangu siku ile. Nimekibadilisha leo asubuhi, namba kubwa kidogo, 500.